Siku Sita za Maharage

Siku ya nne Damiani alipoingia uani na mfuko wa maharage, Febronia aliweka mwiko chini, akajifuta mikono kwenye kanga, akamtazama mumewe kuanzia kofia mpaka ndala.

"Baba Peniel, nini hicho tena?"

"Maharage."

"Naona ni maharage. Na jana ulileta nini?"

"Jana yalikuwa maharage pia," Damiani akasema, macho yake yakiwa kwenye kuku. "Lakini haya ni ya njano. Yanaiva upesi."

Binti yao Peniel, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda na mimba yake ya miezi minane, aliziba mdomo kwa kiganja asicheke. Alikuja kutoka kwa mumewe, huko Itigi, ili mtoto wa kwanza azaliwe mikononi mwa mama yake, na tangu afike hajachoka kuwasikiliza wazazi wake wakibishana.

Sasa elewa jambo moja. Ukitaka kumtukana mwanamke wa kijiji cha Unyamweru bila kufungua kinywa, kataa mlenda wake. Na huo ulikuwa mwezi wa pili, mvua imenyesha vizuri, mlenda umechanua kila mahali, laini, kijani kibichi, yaani msimu ambao mtu akipika maharage majirani wanauliza kama kuna mgeni wa mjini. Tena si mlenda wa mtu yeyote, ni wa Febronia! Wanawake wengine walikausha na kutwanga, ndiyo, lakini wa kwao ulikuwa na mchanga unaosagika menoni. Wa Febronia ulichambuliwa jani kwa jani, ukaanikwa kwenye mkeka kivulini usipoteze rangi, ukatwangwa, ukachekechwa mara mbili. Sokoni Sepuka watu walipita wauzaji watano kumfikia yeye. Naye kabla ya kumpimia mteja alichota kidogo kwa kidole, akaonja mbele yake, kisha akasema, "Kilichoingia kinywani mwangu ndicho kitakachoingia kwako." Miaka ishirini na mbili alisema hivyo, na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika.

Kwa hiyo maharage ya siku nne yalimuuma. Aliyapika, maana chakula hakitupwi, lakini aliyapika kwa hasira. Moyoni alikuwa na mawazo mawili. La kwanza, kwamba kibarua kimempandisha Damiani kichwa. Msimu huu alikuwa mmoja wa wanaume watatu waliochaguliwa kubeba bomba la kupulizia dawa kwenye shamba la kijiji, na mtu akivaa buti za serikali anaweza kuanza kudharau jungu la nyumbani. Wazo la pili lilikuwa baya zaidi, nalo lilikuwa na sketi.

"Kama kuna anayekupikia kwingine," alimwambia jioni ile akimwekea sahani kwa kishindo, "mwambie aje nimfundishe kuweka magadi."

"Mama Peniel, tumbo tu. Tumbo langu siku hizi halitaki mlenda."

"Tumbo la Mnyaturu likatae mlenda? Basi kakuloga."

Damiani aliivuta sahani. Alikula maharage yake, na akala yote.

*

Shamba la kijiji lilikuwa ekari thelathini za alizeti, mali ya kila mtu, na lilianzia hatua kumi na mbili kutoka jikoni kwa Febronia. Mapato yake yalikuwa yamejenga madarasa mawili na nusu ya choo cha shule. Kila kaya ilikuwa na zamu yake ya kupalilia. Na tangu shamba lianze, mvua ikinyesha, wanawake waliingia katikati ya mistari kuchuma mlenda. Kwa alizeti mlenda ni gugu, hivyo aliyechuma alikuwa amepalilia kidogo bila kutumwa. Hakuna aliyewahi kuomba ruhusa na hakuna aliyewahi kukatazwa.

Jumanne ya wiki ile, siku mbili kabla ya ugomvi wa maharage ya njano, walichuma kama kawaida. Febronia alijaza mikeka mitatu. Mchana, Damiani akiwa bado hajarudi, alipika mwingi kidogo kwa ajili ya Peniel, ambaye mimba ilikuwa inamdai mlenda usiku na mchana. Peniel alikula, akalamba bakuli. Alasiri alianza kutapika. Alitapika mpaka akashika nguzo ya jiko, jasho likimtoka, mate yakimjaa kinywani, akisema kichwa kinampasuka.

"Ni mimba tu hiyo," alisema jirani yao Cecilia kutoka upande wa pili wa ua. "Mimi ya Benjamin ilinifanya hivyohivyo."

Damiani alipofika na kumkuta binti yake amelala chini, jambo la kwanza aliuliza, "Amekula nini?"

"Ugali na mlenda. Ulitaka ale nini?"

Febronia alikumbuka baadaye kwamba mumewe aliketi palepale chini, na buti zake. Hakungoja kuvua nguo za kazi. Alikimbia kutafuta bodaboda, wakampeleka Peniel zahanati, muuguzi akampima, akampa maji ya chumvi na sukari, akasikiliza mtoto tumboni na kusema anacheza vizuri, arudi kama hali itazidi kuwa mbaya. Haikuzidi; kesho yake Peniel aliamka mzima. Na Febronia, kwa jinsi mumewe alivyohangaika, alimsamehe yale maharage aliyoyaleta jana yake. Kumbe hajajua anachosamehe.

Ijumaa asubuhi, siku ya gulio, alikuwa akifunga kiroba chake Damiani alipotokea mlangoni.

"Usiende Sepuka leo. Ninaumwa."

"Unaumwa nini?"

"Mwili mzima."

Febronia alimgusa paji la uso. Lilikuwa la baridi. "Yapo maharage yamebaki chunguni," akasema, akapanda bodaboda.

*

Jumamosi saa nne asubuhi Sikudhani alipiga hodi. Alikuwa mke wa Shukuru, mwenyekiti wa kijiji, mwanamke mpole ambaye cheo cha mumewe kilimfanya azidi kuwa mpole. Walisalimiana, wakaulizana habari za watoto, za mvua, za Peniel.

"Nipimie makopo mawili, Mama Peniel. Wageni wa Baba Shamsa wanakuja kutoka Kiomboi."

Febronia alifungua kiroba, akazamisha kopo.

"Lakini," Sikudhani akaongeza, sauti ikishuka, "si ule wa shamba la kijiji, eti?"

Kopo likasimama hewani.

"Kwa nini?"

"Aa, basi tu. Nina hamu na ule wa mlimani."

"Mama Shamsa. Miaka yote hii unanunua kwangu, tangu lini ukauliza umechumwa wapi?"

Sikudhani alijitia kufunga upya ushungi wake, ingawa ulikuwa umefungwa sawasawa. Wanawake hawa wawili walikuwa wamezaa mwaka mmoja, wakanyonyesha pamoja kwenye foleni ya kliniki. Febronia alirudisha kopo kwenye kiroba taratibu, akamshika mkono.

"Niambie."

"Hawajawaambia?" Sikudhani akauliza, na uso wake ulionyesha mshangao wa kweli. "Baba Shamsa alisema angetangaza. Jumatatu walipuliza lile shamba lote, kwa ajili ya viwavi. Mimi alinikanya mapema, kwamba siku kumi na nne nisiguse jani. Nikajua na ninyi mmeambiwa. Haki ya Mungu, Mama Peniel, nilijua mmeambiwa."

Febronia aliangalia mikeka yake mitatu. Aliangalia kinu. Akamwona binti yake ameshika nguzo ya jiko siku ya Jumanne, mate yakimdondoka. Akaketi juu ya kinu.

"Usinitaje," Sikudhani akanong'ona. "Mimi ninaishi naye."

"Sitakutaja. Nenda nyumbani. Wageni wako wapikie maharage."

*

Damiani alikuwa nyuma ya nyumba akitia mpini kwenye jembe. Febronia alikuja na mfuko wa maharage wa siku ya sita, ule ulioletwa asubuhi hiyo, akaumwaga wote mbele yake, zikatapakaa mbegu za njano kati ya miguu yake.

"Nisomee," akasema.

"Nikusomee nini?"

"Hiyo barua uliyoniandikia wiki nzima. Mimi sijui kusoma maharage. Nisomee."

Damiani alielewa. Aliweka jembe chini, akavua kofia.

"Mlipuliza Jumatatu?"

"Jumatatu."

"Mkaambiwa nini?"

"Bwana shamba Gerald alitusomea karatasi ya kwenye chupa. Siku kumi na nne mtu asichume chochote mle, mfugo usiingie. Akamwambia mwenyekiti awatangazie watu siku ileile. Mwenyekiti akaitikia. Gerald alipowasha pikipiki akaondoka, mwenyekiti akatugeukia. Akasema palizi ni wiki ijayo, watu wakisikia habari za siku kumi na nne hatatokea hata mmoja, magugu yatamaliza shamba. Akasema atatangaza mwenyewe kwa utaratibu. Atakayetangulia kusema, bomba litapewa mwingine."

"Jumanne asubuhi uliniona nikitoka na kikapu?"

"Nilitoka alfajiri, sikukuona. Nilijua shamba limelowa, nikadhani mtangoja Jumatano. Nilitaka nikwambie, nikasema Jumatano haitafika kabla mwenyekiti hajatangaza. Niliporudi nikamkuta mtoto chini..." Aliizungusha kofia mikononi. "Baada ya pale nikashindwa kabisa. Ningeanzaje? Ningesema nimempulizia mwanangu dawa?"

"Kwa hiyo ukanunua maharage."

"Nilisema walau hapa kwetu mlenda ule usiingie tena jikoni."

"Posho yako yote?"

"Yote."

Febronia alitamani kumpiga. Alikuwa na hasira ambayo ilimfanya masikio yavume, na ndani ya hasira hiyo, jambo lililomuudhi zaidi, alikuwa anamhurumia mwanaume huyu mpumbavu aliyekuwa akinunua maharage kila siku kama anazima moto kwa kijiko.

"Na Cecilia? Na Catherine mwenye mapacha? Na watu wa Sepuka? Wao ulitaka wale nini, Damiani?" Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu siku walipofunga ndoa. "Wao nani aliwanunulia maharage?"

Damiani aliinamisha kichwa.

"Chukua hilo jembe. Kachimbe shimo mbali na kisima, lifike kifuani. Ukimaliza utabeba gunia, tutatembea. Na sikiliza, mlenda wangu hutauonja tena katika nyumba hii."

"Mpaka lini?"

"Mpaka hicho kinywa kijifunze kazi yake."

*

Walizika mikeka mitatu ya mlenda, uliotwangwa na usiotwangwa, na Febronia mwenyewe akakung'uta kinu na chekeche juu ya shimo. Kisha akafungua gunia la akiba, mlenda wa mwaka jana aliokuwa akiutunza hadi kiangazi, wakati kopo moja linapouzwa kama matatu. Wakaanza safari ya nyumba kwa nyumba, yeye mbele, Damiani nyuma na gunia begani, wakirudisha kopo kwa kopo. Na kwenye kila mlango alitaka jambo moja tu, waliochuma wenyewe wafukie, walionunua kwake wampe.

Cecilia alipiga kelele, akakimbia kutoa chungu motoni. Mzee Philipo alipopewa shikamoo na kuelezwa mambo, alicheka mpaka akakohoa. Alisema yeye ana miaka sabini na mitano, amekula nzige waliopuliziwa na ndege, mlenda utamfanya nini. Lakini mkewe aliutoa, akiwa amekasirika. Ila kwa Catherine mambo yalikuwa magumu.

"Mama Peniel, nikuulize. Ule niliochukua Alhamisi ni mpya, una harufu ya mvua. Huu unaoniletea ni wa mwaka jana. Umepata mnunuzi wa mjini, eti? Unakusanya mzuri, unatuachia mkuukuu."

"Catherine, una mapacha wa miaka miwili."

"Nao wanapenda mlenda mpya. Mwenyekiti hajatangaza chochote. Wewe ni nani, bwana shamba?"

Kulikuwa na wanawake watatu pale wakisuka, na mmoja alicheka. Febronia alihisi uso ukiwaka. Miaka ishirini na mbili ya kuonja kwa kidole, na leo anaitwa mwizi wa makopo mbele ya mlango! Alimgeukia mumewe.

"Mwambie."

Damiani alilitua gunia. Alikohoa. "Ni kweli," akasema kwa sauti ya chini. "Nilipuliza mimi mwenyewe."

"Hasikii. Sema kwa sauti."

"Nilipuliza mimi!" Damiani akapaza, hata mbwa akaamka. "Kwa mikono hii! Utoe, Catherine, wasile watoto!"

Kicheko kilikoma. Catherine aliingia ndani akatoka na kopo, akalishika kwa ncha za vidole.

Sepuka walifika kabla jua halijashuka sana. Wateja wake wa gulio la jana Febronia aliwajua kwa majina, wakawapata wote. Jenifa, aliyekuwa akimuuzia mlenda siku zisizo za gulio, alikuwa amechukua makopo sita na bado alikuwa na manne.

"Na mawili?"

"Alinunua mama mmoja leo asubuhi, anasafiri kwenda Kiomboi. Simjui. Alikuwa na sweta jekundu."

Febronia alimuuliza kila kitu: umri, mzigo, basi gani, kama alitaja jina la mtu. Jenifa hakujua zaidi ya sweta. Wakaenda kwa kijana wa kukatisha tiketi, naye akasema Kiomboi wanashuka watu wengi. Hapo hapakuwa na la kufanya. Mama yule atapika Jumapili, labda kwa familia nzima, atasema kina mama wa Sepuka wana mlenda mzuri. Febronia alisimama kando ya barabara akalia, kwa kwikwi, bila kujificha. Damiani alisimama pembeni yake na gunia tupu.

"Lakini Mama Peniel," Jenifa akasema kwa uangalifu, "watu wakijua, watasema mlenda wa Unyamweru una sumu. Umejiharibia jina."

Febronia alifuta uso kwa ncha ya kanga. "Wacha waniseme wakiwa wazima."

*

Mkutano wa kijiji ulikuwa Jumatatu saa tatu, mbele ya ofisi, nao uliitishwa kupanga zamu za palizi. Mwenyekiti Shukuru alikuwa mtu wa koti hata kwenye joto. Alifungua mkutano, akasifu mvua, akasifu alizeti, akasema kesho kaya kumi za kwanza zitaingia shambani.

Febronia alinyoosha mkono. Hakungoja kuitwa, akasimama.

"Mwenyekiti, shikamoo. Kabla ya palizi nina swali dogo. Jumatatu iliyopita kuna kilichopulizwa shambani?"

Minong'ono ikapita. Shukuru alitabasamu, kwa kuwa alikuwa amejiandaa. "Ndiyo. Ni dawa ya kawaida ya viwavi. Na tangazo lilibandikwa."

"Lilibandikwa wapi?"

"Ubaoni."

"Ubao gani?"

"Ubao wa matangazo, Mama Peniel. Kijiji kina ubao mmoja."

"Ulio ndani ya hiyo ofisi nyuma yako?"

"Huohuo."

"Mtendaji yuko semina tangu Ijumaa iliyotangulia hiyo Jumatatu, ameondoka na ufunguo. Mwenyekiti, hilo tangazo ulilibandika ukipitia dirishani?"

Watu wakapasuka kwa kicheko. Mzee Philipo alipiga fimbo chini. Shukuru aligeuka akaangalia lile kufuli, kana kwamba limemsaliti, kisha akarudisha uso uliokazwa.

"Tusifanye mzaha na kazi za serikali. Dawa ile haina madhara kwa binadamu. Nani ameugua? Mlete hapa mbele."

"Binti yangu alitapika mpaka akashika nguzo."

"Binti yako ni mjamzito. Wanawake wajawazito hutapika, hata mimi ninajua." Wanaume wachache wakacheka, naye akapata nguvu. "Na hizo habari umezitoa wapi? Nani amekwambia kuna hatari? Mtaje!"

Febronia alifunga mdomo. Alikuwa ametoa ahadi. Alihisi macho ya mkutano mzima usoni pake, akasikia Catherine akinong'ona, na akaona wazi kwamba akinyamaza hivi kwa muda kidogo tu Shukuru atasema "tuendelee na ajenda", na kesho kaya kumi zitaingia shambani na watoto migongoni.

"Ni mimi."

Damiani alikuwa amesimama kwenye safu ya wanaume, kofia mkononi. Alikuwa amevaa zile buti.

"Nilibeba bomba. Bwana shamba alisema siku kumi na nne, asichume mtu, na akasema mtangaziwe. Mwenyekiti akasema tunyamaze. Nilinyamaza. Nilikuwa najua, nikawa nanunua maharage kila siku ili mke wangu asipike mlenda. Siku sita. Waulizeni wenye duka. Nyumbani kwangu nilijua kuyanunua, ninyi wengine niliwaacha mle dawa." Aliigeukia safu ya wanawake. "Nawaomba radhi. Hasa Cecilia, maana tunachangia ua."

Hapakuwa na aliyecheka. Shukuru alikuwa amepoa uso, lakini mdomo bado ulikuwa wake.

"Mnasikiliza kibarua aliyefukuzwa? Maana kuanzia sasa hilo bomba si lako. Huyu anatunga. Mimi sijawahi kumwambia mtu yeyote habari za siku kumi na nne. Mtu yeyote! Kama yupo, asimame."

Kwenye safu za wanawake kanga zilichakarika. Sikudhani alisimama taratibu, akakung'uta vumbi nyuma ya gauni.

"Baba Shamsa," alisema, kwa upole uleule, "mimi uliniambia."

 Mwenyekiti alimtazama mkewe.  Kisha akaketi, akavua koti lake, akaliweka magotini.

Mambo yaliyobaki hayakuchukua muda. Wanawake walizungumza, na wakianza Unyamweru huwa hawakai chini mapema. Palizi ikasogezwa mpaka siku zitimie. Hatua arobaini kutoka kwenye nyumba hazitapuliziwa tena, zitapaliliwa kwa mkono, na mlenda wake ni wa kina mama. Na kila mara kabla ya kupuliza, mtu atapita mlango kwa mlango, siku moja kabla, atangaze mpaka ajibiwe. Katibu wa mkutano aliandika, Shukuru akatia sahihi bila kuinua macho.

"Nani atapita?" akauliza Katibu.

Febronia alisimama tena. "Yupo mmoja ana deni la maneno ya siku sita," akasema. "Apite yeye, bila posho."

*

Wiki tano baadaye alizeti zilikuwa zimefika kiunoni, na bwana shamba Gerald akasema viwavi wamerudi, watapuliza kesho yake. Alasiri, kijiji kikasikia debe likipigwa. Lilianzia nyumba za juu, likashuka polepole, likinyamaza kwa kila mlango na kuanza tena.

Febronia alikuwa jikoni. Ndani Peniel alikuwa akimnyonyesha binti yake wa siku tisa, mtoto mwenye mapafu mazuri, ambaye usiku aliwahakikishia hivyo watu wote wa ua. Biashara ilikuwa imesuasua wiki mbili za kwanza, kama Jenifa alivyosema. Halafu watu wa Sepuka walianza kumuuliza kila muuzaji, "Huu umechumwa wapi, umepulizwa lini?" na mwenye jibu alikuwa mmoja tu. Mama wa sweta jekundu hakuonekana tena. Kila gulio Febronia aliangalia mabasi ya Kiomboi yakishusha.

Debe likafika kwa Cecilia. Cecilia akajibu. Kisha likavuka ua, likasimama mlangoni kwake.

"Wenyewe wa nyumba hii!" Damiani aliita kutoka nje, kwa sauti iliyokwisha kukwaruza. Shingo yake ilikuwa imekonda kidogo. Wiki tano alikuwa amekula maharage, kunde, dagaa, na siku moja chai tupu, huku wenzake wote wakivuta mlenda mbele ya macho yake.

"Tunasikia," Febronia akajibu bila kutoka.

"Kesho alfajiri shamba la kijiji litapuliziwa dawa. Kuanzia hatua arobaini kwenda huko. Siku kumi na nne asiingie mtu wala mfugo, msichume kitu."

"Sijasikia vizuri."

"Siku kumi na nne!"

"Na watoto?"

"Hata watoto! Na nguo zisianikwe upande ule! Na maji yafunikwe!"

"Na wewe uliyesema ni nani?"

 Ndani Peniel alikuwa akitetemeka kwa kicheko, mtoto akamtoka titi, akalia.

"Ni Damiani," sauti ikasema. "Mume wa Febronia muuza mlenda."

Febronia alitoka. Alimtazama kuanzia kofia mpaka buti zenye vumbi la nyumba zote za Unyamweru. Kisha akamwagia maji mikononi yeye mwenyewe, kwa kata, mpaka kwenye viwiko, akamwambia aketi. Alileta ugali wa uwele unaofuka moshi, na bakuli lililofunikwa.

Damiani alifunua polepole. Alitazama muda mrefu ndani ya bakuli, kijani kile kikivutika kwenye ukingo, mafuta ya alizeti yakielea juu, na macho yake yakajaa machozi, mwanaume mzima.

Febronia alichota kwa kidole, akaonja mbele yake.

"Kula," akasema.